Dizeli ya boti ya tanga imegoma: uishike mwenyewe, umwite fundi wa mjini, au umtafute fundi wa boti?

Mwenye boti ya tanga anaweza kuisahau injini yake miezi mizima. Kusi linavuma, tanga limejaa, nani ana haja ya dizeli? Kisha siku moja upepo unakata mlangoni mwa hori, maji yanapwa, mwamba uko nyuma ya shetri, yaani nyuma ya boti, na ukibonyeza swichi unasikia "tak" moja halafu kimya.

Hapo hakuna cha kulinganisha. Teremsha nanga. Maswali yanaanza chombo kikishatulia: injini hii aishike nani? Kwenye mwambao wetu, kuanzia Lamu na Kilifi mpaka Tanga, Unguja na Dar es Salaam, majibu ni matatu. Utaishika mwenyewe, utamleta fundi wa dizeli wa mjini anayetengeneza matrekta na jenereta, au utamtafuta fundi wa injini za boti. Nimewahi kuchagua vibaya pande zote tatu, kwa hiyo sina wa kumpendelea.

Ninazozungumzia ni injini ndogo za ndani, silinda moja hadi tatu, nguvu za farasi 9 hadi 30 hivi: Yanmar za toleo la GM ambazo bado ziko nyingi, Volvo Penta ndogo, na Beta au Nanni, ambazo kiini chake ni Kubota, injini ya matrekta madogo. Mashine za kupachika nyuma zinazotumia petroli ni habari nyingine kabisa.

Mambo ya kupima kwanza

La kwanza na kubwa: hitilafu iko upande gani? Dizeli haina plagi za cheche. Inataka mafuta yasiyo na maji wala hewa ndani yake, inataka hewa safi ya kuvuta, na inataka kompresheni ya kuibana hewa hiyo mpaka iwe moto kiasi cha kuyawasha mafuta yenyewe. Umeme kazi yake ni kuzungusha stata, mota ya kuwashia injini, na kwenye baadhi ya injini kufungua au kufunga njia ya mafuta. Maji ya bahari kazi yake ni kuondoa joto. Kwa hiyo dalili zinajipanga. Stata haizunguki, ni umeme. Inazunguka kwa nguvu lakini eksozi haitoi moshi hata kidogo, mafuta hayafiki. Inatoa moshi mweupe na haishiki, mafuta yanafika ila hayaungui, na hapo mashaka yanakwenda kwenye kompresheni au nozeli, kile kipulizio cha mafuta ndani ya silinda. Iliwaka, ikaenda dakika kumi, ikaanza kupumua kama mgonjwa wa pumu kisha ikafa: filta, hewa, au tundu la kupumulia la tangi limeziba. Moshi mweusi na injini kushindwa kufika kasi yake, aidha imebebeshwa mzigo au inakosa pumzi. Moshi wa bluu, inakula oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Hiyo usiiwashe tena.

La pili ni mahali ulipo na hali ya maji. Fundi mzuri aliyeko Mombasa hakusaidii ukiwa umetia nanga Kisiwani Pate na kaskazi inaanza kuchangamka. La tatu ni vipuri: kuna kazi ambayo mikono inaiweza ila kipuri hakipo nchini. La nne ni pesa na siku. La tano watu hulisahau: kazi ikiisha, ni nani aliyebaki na ujuzi? Injini ikigoma tena baharini, kwenye boti utakuwa wewe.

Kuishika mwenyewe

Unachokiona vizuri. Wewe ndiye unayejua kwamba juzi ulimimina dumu la mafuta ya Pangani bila kulichuja. Fundi yeyote atakuja bila habari hiyo, na kwenye dizeli ya boti habari hiyo ni nusu ya uchunguzi. Matatizo mengi ya injini hizi yako nje ya injini yenyewe: tangi, filta, mipira, valvu, nyaya. Hayo yote yanafikiwa kwa spana chache, bisibisi na mita ya umeme.

Mafuta ndiyo mwanzo. Tangi lililo nusu hutoa jasho ndani usiku, maji yanashuka chini, na pale maji yanapokutana na dizeli wadudu wadogo huzaliana na kuacha utelezi mweusi. Boti ikilala horini, uchafu huo unatulia. Ukitoka nje na mawimbi yakatikisa tangi, unainuka wote na kwenda kwenye filta. Ndiyo sababu injini huzima siku ya bahari mbaya na si siku ya bahari shwari. Angalia kikombe cha filta ya kwanza: maji yanaonekana chini ya mafuta kama ushanga. Yamwage, badilisha filta, halafu toa hewa. Legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta ya pili, piga pampu ndogo kwa kikonyo chake mpaka mafuta yatoke bila mapovu, kaza. Fanya hivyo kwenye pampu ya nozeli. Mwisho legeza nati za nozeli kidogo, zungusha kwa stata mpaka mafuta yatokeze, kaza. Kikonyo cha pampu kikiwa kimelegea na hakisukumi kitu, usiitupe pampu: mara nyingi kemu, kile kinundu cha shafti kinachoisukuma, imesimama pabaya. Zungusha injini mzunguko mmoja, kitashika.

Maji ya kupoza nayo ni yako. Chungulia shetrini: eksozi inatema maji au haitemi? Kama haitemi, zima, kisha fuata njia kutoka chini. Valvu ya kuingizia maji imefunguliwa? Chujio lina nini? Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania Bara tangu 2019, lakini bahari haijasoma tangazo. Baada ya hapo fungua pampu ya maji utazame impela, gurudumu la mpira lenye mbawa linalosukuma maji. Ikiwa imekatika mbawa, usishangilie tu kuweka mpya. Vitafute vipande vilivyokatika, kwa sababu vimekwenda mbele na vitakaba kipozeo wiki ijayo.

Umeme unataka mita na subira. Betri iliyotulia ikiwa imejaa inasoma volti 12.6 hivi, na ikisoma chini ya 12 haina kitu. Ikiwa inasoma vizuri lakini stata inasema "tak" tu, weka mita kati ya kichwa hasi cha betri na mwili wa injini, mtu abonyeze swichi. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wako wa ethi umeoza. Safisha, kaza. Chumvi ndiyo adui wa ethi kwenye boti kuliko kitu kingine chochote.

Usichokiona. Kompresheni hafifu, nozeli inayokojoa badala ya kupuliza, gasketi ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, inayovujia ndani. Hivyo huwezi kuvikisia kwa macho, na kufungua hedi ukiwa umetia nanga ni kutafuta balaa.

Hatari. Mbili nazitaja kwa mkazo. Usiweke kidole wala kiganja mbele ya nozeli inayopuliza: mafuta yanatoka kwa shinikizo la zaidi ya bar 150, yanapenya ngozi, na kidonda kinachoonekana kama tundu la sindano kinaweza kukukosesha mkono. Hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Ya pili: ukizungusha stata mara nyingi bila injini kuwaka, pampu inaendelea kuvuta maji ya bahari lakini hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Yanajaa kwenye sanduku la eksozi, yanarudi nyuma, yanaingia kwenye silinda. Funga valvu ya maji unapozungusha kwa muda mrefu, na ifungue mara tu injini inaposhika, kwani impela haivumilii kukauka. Na dawa ya kupuliza ya kulazimisha injini kuwaka, iache dukani. Inaweza kupasua ringi na pistoni.

Gharama na siku. Filta mbili, impela, mkanda, klipu na saa chache. Gharama iliyojificha ni kupoteza siku nzima kwa kuwa hukuangalia kitu kidogo. Mimi nilishinda saa moja na nusu nikitoa hewa, mikono imelowa dizeli mpaka viwiko, injini inazunguka na kugoma. Kumbe kikonyo cha kuzimia nilikuwa nimekiacha kimevutwa nje tangu jana jioni.

Inamfaa nani. Mwenye boti anayesafiri mbali na miji, mwenye injini inayofikika bila kulala kifudifudi kwenye ngama, chini kabisa maji yanakojikusanya, na aliye tayari kununua vipuri kabla havijahitajika.

Fundi wa dizeli wa mjini

Anachokiona vizuri. Mwili wa injini. Kijana aliyekulia kwenye matrekta, jenereta na mashine za kusaga anasikia kompresheni kwa masikio, anajua kupima mwanya wa valvu kwa geji, na anazipeleka nozeli zako kwa mafundi wa pampu na nozeli ambao kila mji mkubwa unao. Kama injini yako ina Kubota ndani, ameshaifungua nduguye mara nyingi kuliko fundi yeyote wa boti. Perkins 4.108 nayo ilifungwa kwenye magari na kwenye boti vilevile. Boti moja ya jirani yangu ilikuwa inatoa moshi mweupe kila asubuhi, na wawili kati yetu tulishakula kiapo kwamba ni gasketi. Fundi wa matrekta alizitoa nozeli, akazipeleka kupimwa, akazirudisha siku ya pili. Moshi ukaisha. Hedi haikuguswa.

Asichokiona. Bahari. Injini ya trekta ina radieta na bomba kavu la moshi. Yako ina impela, valvu, zinki ya kuliwa na kutu badala ya injini, na kile kiwiko ambamo maji ya bahari huchanganyika na moshi. Kiwiko hicho huziba kwa masizi na chumvi pole pole, miaka, mpaka tundu linabaki la kupitisha kidole. Injini inakosa pumzi, inatoa moshi mweusi, inapata joto. Fundi mmoja niliyemleta alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema oveholi, yaani injini yote ifunguliwe na kutengenezwa upya. Alikuwa hajui kwamba kiwiko kipo. Tulikifungua kwa bahati tu, wakati wa kuitoa injini ili apate nafasi ya kufanya kazi, nacho kilikuwa kimejaa kama chungu cha ugali uliokauka.

Kuna pia desturi ya kutoa thamostati, kile kifaa kinachofungua njia ya maji ya kupoza injini ikipata joto. Gari likipata joto, kwenye gereji zetu nyingi kitu cha kwanza kutupwa ni thamostati. Kwenye injini inayopozwa moja kwa moja kwa maji ya bahari, thamostati yake hufunguka kwenye nyuzi 42 hivi, chini sana kuliko ya gari, kwa makusudi, kwa sababu maji ya chumvi yakipata joto zaidi chumvi inaganda kwenye njia zake. Aliyeizoea ya gari anadhani ni mbovu. Ukiitoa kabisa, maji yanapita hovyo, injini inafanya kazi ikiwa baridi na inajijaza masizi. Mwambie mapema: thamostati ibaki, na asifunge bolti ya chuma cha kawaida wala kiungio cha shaba nyeupe chochote kinachogusa maji ya chumvi.

Hatari. Hajui habari ya maji kurudi nyuma kwenye eksozi. Ataendelea kuzungusha stata mpaka betri iishe, valvu ikiwa wazi. Simama naye. Hata kuzima swichi kuu ya betri injini ikiwa inaunguruma, jambo linaloua altaneta ya kuchajia betri, kwake ni kitu kisicho na neno.

Gharama na siku. Kwa siku ni nafuu kuliko wote wa kulipwa, na anakuja kesho, au leo leo ukimtumia nauli. Ongeza ngalawa ya kumvusha na chakula cha mchana. Gharama inapanda akianza kufungua kwa kukisia, kwa hiyo kubaliana naye kwanza: kupima ni bei gani, kufungua ni bei gani, na asifungue kabla hamjazungumza.

Anamfaa nani. Mwenye tatizo la ndani ya injini, aliyeko karibu na mji wowote wenye stendi ya mabasi, na aliye tayari kushinda naye kutwa nzima. Injini ndogo kama Yanmar 1GM10 haifiki kilo 80. Watu wanne, kapi na foromali, boriti ya tanga, inayobeba vizuri zinaitoa, na kule gerejini anafanya kazi akiwa amesimama, si amejikunja.

Fundi wa boti

Anachokiona vizuri. Mfumo mzima kwa pamoja. Akiona moshi mweusi, haanzi na injini. Anauliza umesugua chini lini, kwa sababu chaza na mwani kwenye rafadha, panga la kusukuma boti, vinatosha kuilemea injini nzima. Anajua kiwiko kina umri gani kwa rangi ya kutu. Anajua mlio wa shafti iliyopinda na mlio wa bushi ya mpira iliyokufa. Ana impela za namba yako ndani ya begi, au anajua nani anazo.

Asichokiona. Mara chache ni ufundi, mara nyingi ni injini ya zamani. Baadhi yao wamezoea mashine za kupachika nyuma, kwani ndizo zilizojaa mwambaoni, na dizeli ya ndani ya miaka ya 1980 wanaigusa mara moja moja. Muulize swali moja tu: dizeli ya ndani ya mwisho uliyoifungua ilikuwa ipi, na ilikuwa na nini? Atakayejibu kwa hadithi ndefu yenye namba za vipuri ndiye.

Gharama na siku. Ghali zaidi, na foleni. Vipuri halisi vya Yanmar au Volvo vinaagizwa, na kipuri kinachoagizwa hakijui kwamba kusi linakaribia. Wengi wako Mombasa, Mtwapa, Kilifi, Dar na Unguja, na nje ya hapo unalipa safari pia.

Hatari. Kubadilishiwa. Fundi mwenye vipuri begani anaweza kubadilisha pampu ambayo ingepona kwa sili ya mpira. Sio wizi mara zote, muda wake ni ghali kuliko kipuri. Dai vipuri vya zamani ubaki navyo.

Anamfaa nani. Anayejiandaa kwa safari ndefu, anayenunua boti ya mtu, aliyeshindwa mara mbili na njia nyingine, na yeyote ambaye oili yake imegeuka rangi ya maziwa.

Basi ukiwa hivi, fanya hivi

Stata haizunguki na uko popote: anza mwenyewe na mita. Nyaya na vichwa vya betri havihitaji kuitiwa mtu. Kama injini yako ina hendeli na kikonyo cha kuachia kompresheni, jifunze kuiwasha kwa mkono siku ya jua na utulivu.

Inazima yenyewe baada ya muda na kuwaka tena ikipumzika: mwenyewe pia. Filta, tundu la tangi, hewa. Ikirudia baada ya filta mbili mpya, tatizo ni tangi, na tangi linataka kunyonywa na kuoshwa. Hiyo ni kazi ya jasho tu, mpe kijana yeyote mwaminifu.

Inapata joto na eksozi inatema maji hafifu: mwenyewe mpaka kwenye impela. Impela ikiwa nzima, fundi wa boti. Kama yuko mbali, mlete wa mjini ila umwonyeshe kiwiko kabla hajashika hedi.

Moshi mweusi na kasi haifiki: usiite mtu bado. Subiri bamvua. Mwezi ukiwa mpevu au mchanga, mwambao huu maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Ipweleze boti kwenye mchanga safi, usugue chini na rafadha, uangalie kama kuna kamba au wavu umejiviringa. Maji yakijaa, ijaribu tena. Moshi ukibaki, fungua kiwiko.

Moshi mweupe, inazunguka vizuri, mafuta yanafika: fundi wa mjini na mtihani wa nozeli kabla ya neno oveholi kutamkwa.

Una siku mbili kabla ya safari na pesa ya fundi mmoja tu: mlipe wa boti akae nawe asubuhi nzima, afungue na kufunga kila kitu mbele yako, nawe ushike spana. Filta, hewa, impela, mkanda. Ukitoka horini utakuwa na vipuri vinne kwenye mfuko usiopenya maji, na utajua kikonyo cha kuzimia kinasukumwa upande gani.